Dakika Tatu za Binti wa Piyaya

Sauti ilinifikia kabla ya mwenye sauti. Nilikuwa napapasa kufuli la ukumbi wa kigango kwa vidole, maana ukungu wa Karatu asubuhi ile ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi, na kutoka upande wa uwanja wa mpira mtu akasema, "Nyumbu wakizaa, sisi tunahama." Akasema tena, safari hii kwa kukaza, "Nyumbu wakizaa, sisi tunahama." Ilikuwa sauti ya kike, nzito kidogo, Kiswahili chake cha darasani, na Kimasai kikisikika chini yake kama maji chini ya majani.

"Mwalimu, nani huyo anahutubia ukungu?" Aliyeuliza alikuwa kijana wa Ganako, mchekeshaji wa darasa langu, ambaye kila Jumamosi alifika wa kwanza ili apate watu wa kuwatania wakiingia.

"Nenda kamwite."

"Nimwite vipi na simwoni? Isije ikawa mzimu wa mgombea aliyeshindwa."

Akatokea mwenyewe. Kwanza miguu, halafu sweta ya bluu ya shule, halafu uso. Binti wa miaka ishirini hivi, mrefu, anayetembea kama mtu aliyezoea kwenda mbali. Kwao ni Piyaya, Ngorongoro, siku nzima ya gari kutoka hapa, ila wakati ule alikuwa akikaa mjini kwa mama yake mdogo. Mlangoni alikuwa amesimama katekista wetu, mzee wa Kiiraki, kabila la hapa hapa Karatu, mwenye mvi. Binti akaenda moja kwa moja mbele yake, akainamisha kichwa, akangoja. Mzee akaweka kiganja juu ya utosi wake. Ndipo akainuka na kutusalimu sisi wengine.

Nani Karatu asiyeijua salamu ile? Tumeiona gulioni, tumeiona stendi, tumeiona hospitalini kwenye foleni. Mdogo huinama, mkubwa humgusa, ndipo maneno yanapata ruhusa ya kutoka. Nimezaliwa hapa. Nilijua. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu kuna watu wema wanaonifariji kwa kusema kwamba sikujua.

Mwaka ule nilikuwa nimetoa riwaya yangu ya kwanza, na mtu akitoa riwaya katika mji kama wetu, watu hudhani anaweza kila jambo lenye maneno ndani yake: risala ya harusi, barua ya kuomba kazi, wasifu wa marehemu. Katekista aliniomba niwasaidie vijana waliotaka kuwa waongoza watalii. Alisema wanajua majina ya ndege wote wa mtoni na miaka anayoishi tembo, lakini wakisimamishwa mbele ya watu watano sauti zinarudi tumboni. Nikakubali kwa moyo wangu wote. Niliamini, na niliamini kwa moto, kwamba mtu anayeweza kusema mbele za watu hawezi kuzikwa akiwa hai.

Kisha chuo kimoja cha waongoza watalii kikatangaza nafasi moja ya bure kwa kijana wa Karatu au Ngorongoro. Hawakutaka cheti. Walitaka kijana asimame mbele ya majaji watatu na aeleze jambo la kwao kwa dakika tatu, kama anavyowaeleza wageni. Kwa vijana wangu wengi ilikuwa bahati nasibu tu. Kwa binti wa Piyaya ilikuwa njia pekee. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na alama ambazo hakuna chuo kingezitazama mara mbili, na baba yake alikuwa ametamka neno: akipata nafasi hii, asome, akiikosa, arudi nyumbani, na habari ya shule isitajwe tena bomani kwake.

"Baba akisema mara moja, hasemi mara ya pili," aliniambia.

"Basi na wewe utasema mara moja," nikamjibu, nikicheka. Nilikuwa nacheka sana siku zile.

Tulifanya kazi. Nilimsimamisha kwenye goli moja la uwanja, mimi nikasimama kwenye goli la pili, nikamwambia anipelekee kila neno bila kupiga kelele. Nilimfanya aseme huku wenzake wakigonga mabenchi. Nilimfundisha kuinua macho. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, maana alikuwa amelelewa kuyashusha. Nilimshika kidevu kwa vidole viwili, kama mpiga picha wa studio, nikakiinua. "Hapo. Kaa hapo."

"Dada, unaongea na watalii au na ng'ombe?" kijana wa Ganako akapaza sauti kutoka benchi la nyuma.

"Ng'ombe wanasikiliza," binti akajibu bila kugeuka. "Wewe masikio unayo ya kushikia kofia tu."

Ukumbi mzima ukalipuka. Kijana mwenyewe alicheka mpaka akashika magoti. "Oya mwalimu, huyu tumempata! Mpelekeni hata bungeni!"

Na hotuba yake! Nimesoma vitabu vingi na nimesikia wasemaji wengi, lakini hotuba ile ya binti aliyefeli Kiingereza ilinifanya nione aibu kwa kurasa zangu mwenyewe. Alisema: "Nyumbu wakizaa, sisi tunahama. Mgeni anavuka bahari ili aje aone nyumbu akizaa. Baba yangu akimwona nyumbu wa kwanza amezaa, anatazama upepo, halafu anafungua zizi. Pale ndama wa nyumbu anapoanguka, nyasi inashika ugonjwa. Ng'ombe wetu akila nyasi ile, macho yake yanakuwa meupe, anasimama peke yake, anakufa. Kwa hiyo tunawaachia uwanda. Ninyi mnakuja kutazama kuzaliwa. Sisi tunaondoka ili tusitazame kufa. Ni nyasi hiyo hiyo moja." Mara ya kwanza alipoimaliza, hakuna aliyepiga makofi. Tulisahau.

Tatizo lilikuwa mwanzo. Kila alipoanza alianza na salamu, na salamu yake haikuwa ile ya "habari zenu". Alisalimu wazee, akauliza mvua imefikaje kwao, akasalimu akina mama na watoto wao, akataja alikotoka na nani amemtuma, na alikuwa akitua kila baada ya kundi moja, kana kwamba anangoja lijibu. Nilishika saa. Dakika moja na nusu ilikuwa imekwenda na nyumbu hajazaa.

Nilichukua kalamu nyekundu nikachora mstari juu ya salamu yote kwenye daftari lake.

"Salamu itakula dakika zako. Ingia, simama kwenye alama, tazama mbele, sema: nyumbu wakizaa, sisi tunahama."

Akautazama ule mstari. "Na kama kuna wazee?"

"Hakuna wazee pale. Kuna majaji."

"Majaji hawana umri, mwalimu?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Nikamwambia hapana, majaji hawana umri, wana kalamu tu. Akaitikia kwa kichwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa msemaji wa slufay, maombi marefu ambayo wazee wa Kiiraki huyasema wakiwa wamesimama, huku waliokaa wakiitikia. Nikiwa mtoto nilimwona akisema mstari mmoja kisha akanyamaza, kwa kuwa waitikiaji walikuwa wamezubaa. Hakuendelea mpaka walipoitikia. Aliniambia maneno yasiyopokelewa huanguka chini na mtu akiyakanyaga huleta balaa. Nilikuwa na hadithi hiyo kifuani mwangu. Nilikuwa nimeiweka hata kwenye riwaya, sura ya tatu, na watu waliisifu. Lakini siku niliyochora mstari mwekundu haikunijia. Mtu anaweza kuitia hekima ya kwao kitabuni na akatoka humo mikono mitupu.

Usaili ulifanyika kwenye chumba cha mikutano cha hoteli moja hapa Karatu. Sakafuni walikuwa wamebandika utepe mweupe, msailiwa asimame hapo. Akiukanyaga, saa inaanza. Sisi walimu tuliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti moja, tusitoe neno wala ishara. Mwalimu akisema, mwanafunzi wake anatolewa. Majaji walikuwa wawili tu tulipoketi: mama mmoja wa chuo, mwenyekiti, mwenye miwani ya kamba, na bwana wa hoteli. Kiti cha tatu kilikuwa wazi.

Kijana wa Ganako aliingia wa kwanza. Alieleza namna wakulima wa kwao wanavyokesha mashambani kufukuza tembo, na alimwigiza tembo, na mkulima, na mke wa mkulima anayelaumu wote wawili. Mama mwenyekiti alicheka mpaka akafuta miwani. Alikuwa mzuri. Sitasema uongo kwa sababu ya uchungu, alikuwa mzuri.

Alipotoka, jaji wa tatu akafika, akaomba radhi kwa kuchelewa. Mzee mrefu aliyevaa suti ya kijivu na tai, masikio yake yametobolewa na kuning'inia kwa namna ya zamani. Walikuwa wamemwalika kwa niaba ya wafugaji. Nilifurahi nilipomwona. Nilijisemea, huyu anazijua nyasi zile.

Kisha akaingia binti. Alitembea vizuri, kidevu juu, pale pale nilipokiweka. Akakanyaga utepe. Mwenyekiti akabonyeza saa. Akafungua kinywa. "Nyumbu—"

Macho yake yakafika kwa mzee.

Kidevu kilishuka chenyewe. Akatoka kwenye utepe, akapiga hatua tano mpaka kwenye meza, akasimama mbele ya mzee, akainamisha kichwa juu ya glasi za maji na makaratasi. Akangoja.

Mzee hakusogea.

"Dada, rudi kwenye mstari," mama mwenyekiti akasema, si kwa ukali. "Muda wako unakwenda."

Hakuinuka. Nilikuwa nakiona kisogo chake, nywele zilizonyolewa karibu na ngozi, na shanga moja ya bluu shingoni. Nikauona mkono wa mzee juu ya meza. Uliinuka. Nasema niliuona, uliinuka kama upana wa vidole vinne hivi, kisha akamtazama mwenyekiti, na mkono ukarudi juu ya karatasi, ukalala.

Sijui kama umewahi kuzisikiliza dakika tatu. Bwana wa hoteli alikohoa. Nje mtu alikuwa akiosha gari, maji yakipiga bati. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, mita saba kutoka hapo, na neno lilikuwa mdomoni mwangu. Neno dogo tu: mguse. Nilijua nikilisema anatolewa. Niliona pia kwamba nisipolisema amekwisha kutoka. Nilipima, nikapima tena, mimi niliyewafundisha watu kusema, na nilipokuwa bado napima kengele ikagonga.

"Ni woga tu," mama mwenyekiti akasema, akiandika. "Wasichana wetu hawa, Mungu atusaidie. Asante, binti. Mwite anayefuata."

Akainuka. Hakuwa ametazamwa na yeyote kati ya watu aliotakiwa kuwatazama. Akatoka.

Hapo ndipo niliposimama. Nilikwenda mezani nikaanza kueleza, na maneno yakatoka yamepindana, ya mwisho mbele, ya mwanzo nyuma. Mama, huyu mzee, kwao, salamu, kichwa. Mama mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu.

"Mwalimu, nimekuelewa. Lakini nikimrudisha huyu nitawarudisha wote. Na mtalii akishuka kwenye gari, atamngoja aguswe kichwa?"

"Mama, ni mimi niliyemkataza—"

"Basi ungemfundisha vizuri."

Nikamtazama mzee. Alikuwa akiipanga kalamu sambamba na ukingo wa karatasi.

Nilimvizia koridoni wakati wa chai. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Najua unachokuja kusema."

"Unamjua yule binti?"

"Namjua baba yake. Mimi na baba yake ni rika moja, tulitahiriwa msimu mmoja. Kwa hiyo yule kwangu si mtoto wa mtu. Ni mwanangu." Alisema kwa sauti ya chini, akiangalia vikombe. "Jana walituita wakatuambia: msimsalimu msailiwa, msimguse, msionyeshe kwamba mnamjua, msije mkaharibu haki. Nikasema sawa. Nilidhani ni watoto wa watu wengine watakaosimama mbele yangu. Sikudhani ni wetu."

"Mzee, rudi ndani ukawaambie. Bado hawajaamua."

"Nikisema sasa, watasema nampigania mwanangu. Nikinyamaza, nimemkana. Nichagulie wewe, wewe unayefundisha kusema."

Sikumchagulia. Tulisimama pale, watu wawili ambao neno moja la yeyote kati yetu lingetosha, na chai yetu ikapoa. Kisha wakamwita ndani akaenda.

Nilimkuta binti nje, ameketi juu ya kingo za maua. Hakuwa analia.

"Kwa nini hukusema?" Hilo ndilo lililonitoka. Katika maswali yote ya dunia, hilo.

"Ningesemaje juu ya kichwa cha baba yangu? Hajanipokea, halafu nianze kumweleza habari za ng'ombe?"

"Ungejikaza."

"Nilijikaza, mwalimu. Wewe ulikuwa nyuma hukuona uso wangu." Akapangusa viatu vyake kwa kiganja, kimoja, halafu kingine; vilikuwa vya mama yake mdogo. "Nilikuuliza kama kuna wazee."

Nafasi alipewa kijana wa Ganako. Alikuja kwangu siku ya pili yake, bila utani hata mmoja, akazungusha kofia mikononi. Baba yake alikuja Karatu kutoka Singida kuchuma kahawa na hajawahi kuacha kuchuma. "Mwalimu, nimewaza nimwachie. Nimewaza usiku kucha. Siwezi." Akangoja nimwambie kitu. Nilimwambia hapana, nenda kasome, umestahili, na kila neno lilikuwa kweli na hakuna lililomsaidia. Alitaka nimkaripie. Hata hilo nilimnyima.

Nilifanya mengine. Niliandika barua kwa chuo, nikapasua, nikaandika nyingine iliyo nzuri zaidi, iliyo nzuri kupita kiasi, yenye vituo na mizani, na nilipoisoma niliona kwamba naiandika ili nisifiwe. Niliituma hata hivyo. Walijibu kwa mistari miwili. Nilimpigia simu baba yake binti kwa kupitia jirani mwenye simu, tukapeana salamu ndefu, mvua, nyasi, watoto, na nilipofika kwenye habari yenyewe akasema, "Nimesikia," na mtandao ukaondoka, au yeye aliondoka. Tangu hapo riwaya yangu ya pili imekaa kwenye ukurasa wa arobaini. Naifungua, nasoma, naona watu wangu wote ndani yake wanasema vizuri mno.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na somo. Nilikwenda ukumbini hata hivyo, nikapanga mabenchi ambayo hayakuhitaji kupangwa. Akaja akiwa na begi na kirago cha blanketi. Gari la kupanda Ngorongoro lilikuwa linajaza abiria stendi, alisema, na dereva amempa nusu saa.

"Kaa kidogo," nikamwambia. "Kaa mwaka mmoja. Nitaongea na mama yako mdogo. Utakaa hata kwangu. Mwakani wakitangaza tena—"

"Mwakani wanataka vyeti. Nimeulizia pale hotelini. Wamesema mtindo wa kusema haukuwafaa."

"Tutarudia mtihani, basi. Kiingereza nitakufundisha mimi."

"Baba amesema."

"Nitamwambia baba kosa ni langu."

"Utamwambia nini, mwalimu?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuyasikia maneno hayo, ili ayabebe, na aliweka begi chini ili anisikilize.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na Kiswahili chote ninachokijua, na Kiiraki cha babu yangu nyuma yake, na mbele yangu msikilizaji mmoja tu, asiye na saa wala kengele. Nilitafuta sentensi ambayo mzee wa Piyaya angeipokea kutoka kwa mtu asiyemjua, kuhusu mwanawe aliyenyamaza mbele ya rika lake kwa heshima aliyomfunza yeye mwenyewe. Ningemwambia alikosea kuwa na adabu? Ningemwambia adabu haina chuo? Alingoja. Alingoja kwa subira ile ile. Mimi nikatazama mabenchi.

"Si kitu," akasema mwishoni, akaliinua begi. "Gari litaniacha. Nisalimie wenzangu. Mwambie yule wa Ganako akifika uwandani na wageni wake wakati wa kuzaa, awaeleze kwa nini hawaoni watu."

"Nitamwambia."

"Haya, mwalimu. Baki salama."

Alipita katikati ya mabenchi, kirago begani, akainama kidogo kwa ajili ya fremu ya mlango iliyo chini. Bawaba za mlango ule zimelegea na vijana huuacha wazi. Yeye aliutua mzigo nje, akarudi, akaushika mlango kwa mikono miwili, akauvuta nyuma yake mpaka komeo likaingia.